Tundu la Sita

Darlene Hruska wa Wyoming, Marekani, hakuziamini risasi za dukani. Alijaza zake mwenyewe, akipima baruti chembe kwa chembe, kama alivyofanya marehemu mumewe Emmett, bingwa wa kulenga shabaha aliyemshinda Darlene kila mwaka.

Katika shindano la Jumamosi alipiga risasi tano, zote zikapita tundu moja. Lakini nyuma ya shabaha kuna karatasi ya pili inayosogezwa polepole wakati wa kupiga, ili kila risasi iache tundu lake humo. Mwamuzi Wendell aliileta.

"Bi Darlene, hapa kuna matundu sita, na zinaruhusiwa risasi tano tu. Umeondolewa shindanoni."

"Koma, Wendell! Maganda yangu ya risasi haya hapa, hesabu!"

Yalikuwa matano. La sita lilikuwa kwenye meza ya jirani, meza ya Emmett, ambayo haijakaliwa tangu mazishi. Darlene aliligusa. Lilikuwa bado moto.

"Mwanamume wewe," alinong'ona, "hata kaburini hutaki nikushinde?"