Kitenge Kwenye OLED

Muuza televisheni wa Bwera, mpakani mwa Uganda, mtu wa Beni ya Kongo, hupangusa skrini kwa mkono wa shati kabla ya kuisifu, kama mama anavyompangusa mtoto uso. Kahambu alikuwa akichagua ya sebuleni.

"Hii ndogo ni LED, iko muzuri. Lakini hii OLED ndiyo kiboko, mama. Ona rangi!"

Skrini zote zilionyesha habari za Beni: maiti imefunikwa kitenge. Muuzaji akakigusa kitenge kwa kidole. "Hata maua madogo inaonekana!"

Kahambu alipigwa na butwaa. Kweli mtu anasifia hiyo? Kisha kile kidole kikaganda.

"Hii kitenge... nilimutumia mama yangu, siku ya Noeli."

Muuzaji akaihama OLED, akaenda kusimama mbele ya ile ndogo iliyochuja rangi, ambamo kitenge kilikuwa kitenge tu.