Hapa Ni Kwa Kavira?

Niko mutu wa haya. Hata ku masomo, professeur akiniuliza kitu, jibu inabakiaka mu koo. Njo maana hii naiandika, siisemi na mudomo. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwa pale, na nilikuwa macho, hapana mu ndoto.

Ninaishi na tantine, dada mukubwa ya maman, hapa Butembo mu Vulamba. Bazazi yangu beko Manguredjipa ku mashamba, balinituma kwake juu nisome. Tantine ni docteur wa kupasua. Batu bote banamujua: Docteur Masika. Primaire wa kwanza, secondaire wa kwanza, université wa kwanza. Na unajua kwetu Banande jina ni hesabu: mutoto mwanamuke wa kwanza anaitwa Masika, wa pili Kavira. Hakuna mutu anachaguaka.

Lakini ile mwezi wa kumi na moja tantine alikuwa halali tena. Namusikia anatembea mu couloir mupaka jogoo inawika. Siku moja aliingia ku bloc kumupasua mama wa mimba, mikono ikaanza kutetemeka, akatoka. Bahati docteur mwingine alikuwa anapita, akamaliza kazi. Tantine alirudi nyumbani, akaniambia: « Nisipopata usingizi, nitaua mutu. Afazali niache. »

Kesho yake asubui nikaenda kuchota mayi. Unajua ukungu ya Butembo? Siku ile ilishuka mupaka ku magoti, nikawa kama natembea ndani ya maziwa. Ku robinet bamama bakanicheka kama kawaida: « Eh, mutoto wa docteur, leo pia umeacha mudomo ku nyumba? » Nikajaza bidon, nikarudi.

Ku mulango yetu mutoto mwanamuke alikuwa amesimama. Myaka kumi na mbili hivi, chemise nyeupe, jupe ya bleu ya masomo, jani ya ndizi ku kichwa. Mvua hakukuwa. Lakini jani ilikuwa inadondosha mayi, na chini ya miguu yake udongo ilikuwa kavu. Niamini, nilitazama mara mbili.

« Dada, hapa ni kwa Kavira? »

« Hapana. Hapa ni kwa Docteur Masika. »

Akacheka pole pole, kama mutu unamutania. « Masika ni mimi. Ambia Kavira nimechoka kungojea. Bote banaitwa, mimi peke yangu hapana. »

Sikuogopa. Hiyo njo inaniogopesha sasa. Ilikuwa tamu, kama wakati unalala na unasikia mvua ku mabati. Nikainama kuweka bidon chini, ukungu ikapita katikati yetu, nikainua macho, mutu hakuna.

Tantine alikuwa amekaa ku kitanda na viatu ku miguu. Nikamuelezea. Hakushituka. Aliuliza tu: « Alikuwa na jani ya ndizi? »

Kisha akakaa chini, ku ciment, akaniambia kitu hata maman yangu hakuniambiaka.

Ilikuwa vita ya zamani. Yeye alikuwa na myaka kumi. Balikuwa ku shamba, upande wa Beni, yeye na dada yake, chini ya jani moja ya ndizi, mvua inanyesha. Masasi ya bunduki ikalia. Dada akamuvalisha sac yake ya masomo: « Wewe kimbia. Mimi narudi kuangalia maman. » Maman yao alipitia njia ingine, akapona. Dada hakutoka mu pori, na maiti habakuiona.

Alipofika Butembo, batu benye balikuwa banaandika batoto ba vita bakafungua ile sac. Ndani kulikuwa bulletin ya masomo: Masika, wa kwanza wa classe. Kulikuwa masista banatafuta batoto ba akili ba kulipia masomo. Bakamuuliza: « Njo wewe? »

« Nikasema ndiyo. Nilikuwa na njaa. Maman alipofika alikuta nimeshavaa uniforme, akanifungia vifungo, akaniacha niende. Na kila mara nilipokuwa wa kwanza, nilifikiri dada atafurahi. »

Sasa fikiri wewe mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja, ku paroisse, familia zinaandikaka majina ya batu bao benye balikufa, padri anasoma moja moja. Masika alikuwa muzima ku makaratasi, donc hakuna mwenye alimuandika. Hata mwaka moja.

« Nikimuandika, Butembo nzima itauliza, » tantine akasema. « Diplômes zote ni za mutu mwenye alikufa. Banaweza kunitoa ku kazi. »

Alikaa pale mupaka jua ikatoka. Kisha akaomba bic.

Mimi njo nilipeleka karatasi. Secrétaire wa paroisse akasoma, akacheka: « Docteur anajiombea misa mbele ya kufa? Batu ba masomo banapangaka bintu mapema. » Bamama benye balikuwa ku rangi, banangojea zamu yao, bakacheka pia. Nikasikia sauti inatoka, kumbe ni yangu: « Hapana, papa. Masika alikufa mutoto. Docteur jina yake ni Kavira. » Hakuna mwenye alicheka tena.

Siku ya mungu, ku misa, jina ikasomwa. Vichwa vikageuka. Tantine alibaki amesimama wima. Tukarudi, akalala mupaka kesho yake saa sita. Mikono haitetemeke tena. Ku bureau ya hôpital banamuita kila juma juu ya makaratasi, na hatujue itaisha namna gani. Banamuachia apasue wakati banangojea.

Lakini kuna kitu kilibaki. Ukimuita Docteur Masika, hasikie, kweli kabisa hasikie. Na kuna jioni, tunakula, hakuna mutu amemuita, anaweka mukono ya bugali chini na anajibu na sauti ya mutoto wa myaka kumi: « Niko hapa, nakuya. » Anasimama. Mimi namushika nguo, kila mara, mupaka anakaa.

Wewe unasoma hii, kama kwenu kuna mufu mwenye mulificha jina yake, juu ya haya ao juu ya faida, mumutaje leo. Musipomutaja, atakuya kuitafuta yeye mwenyewe. Na hataanza na mwenye aliichukua. Atauliza mutoto wa nyumba.