Wananiita koko wa bibi-arusi, lakini mushahara wangu wa mwisho wameukalia

Admin, jina langu usiweke. Sema tu mimi ni koko, bibi muzee wa miaka sitini na nane, mujane, naishi Kadutu. Masomo niliacha mapema. Nikikosea maneno musinicheke, mucheke wale waliosoma na hawalipi watu.

Nilifanya kazi ya nyumba kule Nguba, mutaa wa watajiri, kwa familia moja, tangu binti yao wa kwanza hajaota meno. Tumuite Furaha, si jina lake. Mama yake alikuwa anaenda kazini, mutoto anabaki mugongoni mwangu. Nimemupikia, nimemufulia, nimemuchapa pale alipostahili. Sasa iko mwanamuke mukubwa na diplome, na akiniona barabarani anapiga kelele "Koko!" mbele ya wenzake, haoni haya.

Mwaka huu, mvua ilipoanza, patronne wangu, mama yake Furaha, akaniita salon, pale wanapokalisha wageni. "Maman, magoti yako imechoka, enda upumuzike. Salaire yako ya mwisho nitakutumia wiki ijayo." Nikasema aksanti, nikafunga kikwembe changu kiunoni, nikatoka. Hiyo wiki ijayo mpaka leo haijafika.

Nikashuka kumudai. "Maman, unajua banque zimefunga." Kweli zimefunga tangu vita iingie mujini, hata mimi najua. Lakini nyama ile niliyoinusa jikoni ilinunuliwa na banque gani? Nikarudi tena. Safari hiyo akanikalisha kwenye kiti chao laini, fauteuil, akanimiminia chai yeye mwenyewe, nikajua hapa kuna uongo unapikwa. "Maman, wewe si mufanyakazi. Wewe uko famille. Famille inadaianaka kama watu wa sokoni?"

Nikamuuliza, "Famille? Na miaka yote hiyo nilikuwa nakula wapi, mezani ama jikoni?"

Akacheka. "Oh, maman na kinywa yako!"

Nikapanda mulima wa Kadutu mikono mitupu, natukana njia nzima. Na musiniambie habari ya avocat na mahakama. Kazi tulipatana kwa mudomo, mashahidi wangu ni sufuria.

Sasa sikilizeni vizuri. Furaha anaolewa. Dot, siku ya kuleta mahari, iko Jumamosi hii. Koko zake wote wawili walishakufa, na kwetu binti hatoki chumbani bila koko. Wakwe wakimaliza kusalimia, koko ndiye anaenda kumuleta. Na anaweza kukataa kwanza, aseme miguu inamuuma, aseme njia iko na matope, mpaka wamubembeleze na kitu kidogo. Watu wanacheka, ni furaha ya siku. Lakini koko asiposimama, hakuna dot, hata walete ng'ombe wote wa kule Walungu.

Wakamufikiria nani? Mimi, mwenye magoti ya kuchoka.

Patronne akanitumia kikwembe cha famille, kitambaa kile watavaa wote siku hiyo, na message kwenye simu: "Maman, shonesha haraka. Bei ya kikwembe tutaikata kwa salaire yako." Someni tena. Salaire gani? Ile hawajanipa, ndiyo wanaikata! Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu kama mwenye wazimu. Tangu hapo situlii. Naweka maharagwe motoni, yanaungua. Naanza rozari, nikifika katikati najikuta nagombana na patronne badala ya kumusalimia Maria.

Ni kwa sababu wazo moja imeniingia na inakataa kutoka. Jumamosi nivae, nikae kiti cha koko. Wakisema, "Koko, tuletee binti," nijibu: "Miguu inaniuma. Lakini nyinyi wakwe, franga zenu zibaki mufukoni. Leo wa kunibembeleza ni mama wa binti. Yeye anajua na nini." Atalipa pale pale. Yule mwanamuke anaogopa aibu kuliko anavyomuogopa Mungu.

Jirani yangu muuza samaki, zile sambaza ndogo, akaniambia, "Fanya, maman! Mi nitakuja kukupigia vigelegele." Yule anapenda tu vita akiwa mbali na fimbo.

Lakini juzi Furaha mwenyewe alipanda kwangu, viatu mukononi kwa sababu ya matope. Akakaa mukekani. "Koko, naogopa ile familia. Wanasema sisi wa Nguba hatuna adabu. Ukinishika mukono sitatetemeka."

Nikamuuliza kama mama yake alimuambia kitu juu ya salaire yangu.

"Si walikulipa, koko? Maman alisema na kuongeza wakakuongezea."

Mimi mwenye kinywa, nikainuka kutafuta ndizi! Nikamupa, akala.

Nikisema Jumamosi, nitapata jasho langu, na wale wakwe watapata neno la kumutupia Furaha kila siku wakigombana. Nikinyamaza, mama yake atakuwa amenikula na sahani, nami nimevaa sare yake nikitabasamu. Nisipoenda kabisa, nani atamushika mutoto wangu mukono? Fundi wa kushona iko na mukasi, ananiuliza kila asubuhi akate kitambaa ama asikate.

Nyinyi munaoandikaka "pole koko" na kupita, pole haiingii kwenye sufuria. Wamama wanaowafulia nguo kwenu mumewalipa? Jibuni hiyo kwanza. Halafu munipe shauri ya watu wazima: Jumamosi wakiniita, nisimame, ama nikae?