Mbwa wa Geti

Mwenye nyumba wangu hapa Kibuli, Mzee Kamis, hana mbwa. Amelisema hilo msikitini, amelisema dukani, na mimi Ajwang, mpangaji wake, nimeambiwa mpaka masikio yamechoka. Yule jike mwekundu anayelala mlangoni kwake ni mbwa wa geti. Geti lenyewe lilianguka zamani, lakini tusiulize. Ni bahati tu kwamba mbwa asiye na mwenyewe anaitwa Sajini, kwa heshima ya babu yake Mzee aliyekuwa askari, na kwamba hula nyama kabla ya wajukuu.

Kumgusa, hapana. Mate ya mbwa ni najisi, na Mzee ni mtu wa udhu. Paka wake hupapaswa asubuhi na jioni. Sajini hutupiwa mfupa kwa mbali. Kwa hiyo uvimbe kwenye titi lake niliuona mimi, siku alipojilaza chali juani, nao ulishafika ukubwa wa ndimu.

"Itapona yenyewe," Mzee alisema. Kesho yake akakodi gari, akakaa mbele, mimi na mbwa nyuma. Eti alikuwa na shughuli zake Mengo, jirani na kliniki ya wanyama.

Daktari Lamunu alitaka kuuchoma uvimbe sindano, avute majimaji ayatazame kwa hadubini. Nilipomshika Sajini kichwa, akanionyesha meno yote.

"Mwenye mbwa amshike," daktari akasema.

"Si yangu, daktari. Ni ya geti," Mzee akajibu kutoka mlangoni. Kusikia sauti ile tu, Sajini akapiga meza kwa mkia.

Mzee akaitazama kanzu yake, akanitazama mimi kama kwamba nimemroga, akakunja mikono ya kanzu. Alilambwa mpaka viwikoni.

Ilikuwa saratani. "Picha ya eksirei inaonyesha mapafu bado safi," daktari alisema. "Nikikata sasa, anaweza kupona. Lakini angepapaswa kila mwezi, tungeukuta mdogo kama punje ya mchele. Nyumbani nani humpapasa?"

Nilimwonea Mzee huruma, na si tabia yangu.

"Kata, daktari," akasema. "Kupapasa nitapapasa mimi."

Sasa Sajini ana kovu refu tumboni. Kila mwezi ukiandama, Mzee huchuchumaa nyuma ya nyumba, akampapasa titi baada ya titi, kisha akanawa mara saba kwa maji, mojawapo kwa udongo, kama dini inavyoagiza kwa najisi ya mbwa. Kopo la udongo halitoki pale bombani.

Majirani wakimuuliza udongo ni wa nini, anasema anatengeneza geti.