Lorna na Hisa za Ngozi

Dada yangu Lorna Vandersloot alikuwa muuguzi wa wodi ya walioungua mjini Fargo, tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha bandeji. Kidonda cha moto hakina siku ya mapumziko, na mgonjwa akilisikia toroli la bandeji kwenye korido huanza kulia kabla halijafika. Lorna alikuwa akiwaimbia. Sauti hana, nyimbo zenyewe ni za kanisani, na anaziharibu vibaya sana. Wagonjwa walikuwa wakimwambia, "Sista, nyamaza tu, bora maumivu."

Alipofiwa na mumewe alikaa peke yake kwa muda, kisha akahamia kwa Emmett Haugdahl, mkulima wa viazisukari ambaye naye alikuwa amefiwa na mkewe. Ndoa hawakufunga. Emmett ni mtu wa maneno machache, hata kwetu huku ambako hakuna msemaji. Akimtambulisha dada yangu alisema, "Huyu ni Lorna," basi. Akibanwa sana aliongeza, "Tunagawana gharama za kupasha nyumba joto." Lorna alikuwa akicheka. Mimi niliyezaliwa naye nilijua kicheko kile kilikuwa kinafunika nini.

Majira ya baridi fulani, Daktari Anneliese Torvik, aliyewahi kufanya kazi na Lorna wodini, alimwalika akaone kampuni yake ndogo ng'ambo ya mto, ndani ya kiwanda cha zamani cha siagi. Niliendesha gari mimi, kwa sababu barabara ilikuwa barafu tupu.

Tulivalishwa makoti na kofia za plastiki. Torvik akafungua kabati lenye joto kama la mwili wa mtu, akatoa kisahani cha kioo. Ndani yake palikuwa na utando wa rangi ya waridi, mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai.

"Ngozi hii ni ya nani?" Lorna alinong'ona, kama tuko kanisani.

"Ya mtu aliyelazwa hospitali sasa hivi. Tulimkata kipande kidogo kama stempu, tukakiotesha. Kitatosha mgongo mzima."

"Iko hai?"

"Iko hai, sista. Inakula. Inapumua."

Lorna alitafuta kiti akakaa. Nimemwona dada yangu kwenye misiba na kwenye mafuriko ya mto, lakini sijapata kumwona akitafuta kiti. Alikitazama kile kisahani hadi Torvik akalazimika kukirudisha kwenye joto.

Kabla hatujatoka alisema anataka kununua hisa. Torvik akaona haya. Hisa za kampuni yake haziuzwi hadharani, alieleza, na yeye ameamua kuwauzia tu wale ambao sheria inawatambua kuwa wawekezaji walioidhinishwa: wenye mshahara mnono, au wenye mali ya zaidi ya dola milioni moja, nyumba wanayoishi isihesabiwe.

Ndani ya gari Lorna aliwaka. "Nimeshika migongo ya watu maisha yangu yote, leo naambiwa sielewi!"

"Hawajasema huelewi," nikamwambia. "Wanauliza hela ikipotea utakula nini."

"Nitakula kwako."

"Kwangu hapana. Unaimba."

Jioni alimsimulia Emmett mezani. Emmett alimaliza sahani yake, akaifuta kwa mkate. Vuli ile alikuwa ameuza mashamba yake yote, akabaki na nyumba tu. "Kesho twende kwa Delmar," akasema.

Delmar Quist ndiye mhasibu wetu sote. Alipiga hesabu mara mbili. Emmett peke yake alipungukiwa kidogo. Lorna peke yake hata hakaribii. Wakiunganishwa, wanavuka.

"Sheria inaruhusu kuunganisha mali ya mume na mke," Delmar alisema, "au ya watu wanaoishi kama mume na mke. Lakini siwezi kuthibitisha kwa kukisia. Lazima niulize. Ninyi wawili ni nini?"

Lorna akainamia mkoba wake. Mimi nikatazama theluji nje. Emmett alivua kofia, akaiweka gotini.

"Delmar, nikiamka nasikiliza kwanza kama anapumua, ndipo nafungua macho. Akichelewa kurudi dukani nasimama dirishani kama mbwa. Sheria inaitaje hiyo?"

Delmar alivua miwani. Alichukua muda kuisafisha. "Inatosha," akasema. "Inatosha kabisa."

"Miaka yote hii, Emmett," Lorna alisema.

Delmar aliwaonya kwamba hela yote inaweza kupotea, na kwamba wakitaka kuziuza hisa zile mapema, huenda wasipate mnunuzi. Emmett akajibu kuwa mvua ya mawe ikishakupiga shamba, hilo nalo halipati mnunuzi. Wakatia sahihi. Tulipoingia garini nikajisikia nikisema, "Shemeji, funga mlango, baridi inaingia." Lilikuwa jina ambalo sijawahi kuthubutu kumwita. Alinitazama, kisha akaufunga mlango wa gari taratibu, kana kwamba ni wa kioo.

Hela yao haijarudi hata senti, na huenda isirudi. Ila mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, Torvik alitupigia simu: mgonjwa mmoja aliyepandikizwa ngozi waliyoiotesha, Wendell Azure, aliyeunguzwa na mlipuko wa vumbi kwenye ghala la nafaka, amekubali tumwone.

Wendell alivua shati akatugeuzia mgongo. Lorna alikuwa ameshanawa mpaka kwenye viwiko. Aliweka kiganja kizima pale ambapo, kwa miaka yote aliyofanya kazi, angekuta bandeji.

"Haitoi jasho wala haioti nywele," Wendell alisema. "Mke wangu anasema ndiyo sehemu yangu nzuri kuliko zote."

Lorna hakucheka. "Unausikia mkono wangu?"

"Kwa mbali. Kama unanigusa juu ya shati."

Akamvuta Emmett karibu. "Gusa."

Emmett aliuweka mkono wake, ule wenye mipasuko ya udongo na baridi, polepole sana. "Ina joto," akasema. Hakuutoa. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Tulisimama hivyo mpaka Wendell alipouliza kwa upole kama sasa anaweza kuvaa shati.