Tambi za Bosi Zilivyoongezeka Ndani ya Friza

Jamani, niliacha vipande kumi vya tambi kwenye friza. Kesho yake nikakuta kumi na viwili.

Sikukosea. Nilihesabu mara tatu, mlango wa friza wazi, baridi ikinipiga kifuani.

Mimi ni bibi. Namlea mjukuu wangu wa miezi minane. Tunamwita Bosi, maana akilia nyumba nzima inasimama.

Mama yake ni binti yangu, anafua nguo kwa dobi mmoja mkubwa. Baba yake ni fundi cherehani. Sote tunaishi nyumba moja.

Kila Jumapili napika tambi za Bosi. Nazivunjavunja kwa mkono, nachemsha mpaka zilegee kabisa, naponda pamoja na karoti, bila chumvi. Zikipoa najaza trei ya barafu, vishimo kumi na viwili. Kila siku anakula viwili.

Goti langu bovu, mgongo unalalamika, lakini kazi hiyo naipenda.

Shida ilikuwa tumbo la Bosi. Wiki tatu anaharisha. Leo nafuu, kesho nepi hazitoshi. Nesi alipompima uzito, akatikisa kichwa.

Jumapili hiyo binti yangu akasema, macho ameyaelekeza dirishani, "Mama, Ijumaa anapimwa tena. Kama hajaongezeka, nampeleka kituo cha kulelea watoto."

"Yaani mimi nimeshindwa?"

"Sijasema hivyo, mama."

Hajasema, ila nimesikia. Nikaendelea kuponda karoti.

Ndiyo wiki hiyo mambo ya friza yakaanza. Jumatatu nikatoa viwili, Jumanne nikakuta trei imejaa. Nikatoa viwili vingine, Jumatano imejaa tena.

Nikamwambia binti yangu. "Mama, labda umesahau tu," akajibu, taratibu, kama anaongea na mgonjwa.

Hilo lilinichoma kuliko la kituo.

Jirani yangu naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, friza yako inazaa! Ngoja nilete samaki wangu wakae humo."

"Nenda zako huko," nikamwambia. Nilikuwa sina hata hamu ya kucheka.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Tumbo la Bosi lilianza kutulia. Nikajisifu kimoyomoyo: mikono ya bibi hii!

Alhamisi mchana nilimbeba Bosi kwenda kwa jirani, kama kawaida yangu. Nikafika mlangoni kwake, nikakumbuka sijachukua nepi. Nikarudi.

Jikoni nikamkuta mkwe wangu. Sufuria inafuka mvuke. Mkononi ana mkasi mpya, anakata tambi, kila kipande sawa na mwenzake kama amevipima kwa futi.

Kando yake trei yangu, tupu. Tambi zilizobaki zimo kwenye ndoo ya taka.

"Shikamoo mama!" akashtuka.

"Asubuhi umeshaniamkia. Kwa nini unamwaga chakula changu?"

Akainama. Mkasi ukabaki hewani.

"Sema, baba."

"Mama... trei unaitoa, unaiweka mezani iyeyuke, unaenda kumwogesha mtoto. Ukirudi unachukua viwili, vingine vyote unarudisha vigande upya. Kila siku hivyo. Niliona wiki iliyopita. Nesi alishasema kilichoyeyuka kisirudi kwenye friza."

Nikakaa kwenye stuli. 

"Mkeo anajua?"

"Hapana. Angejua, Bosi angeenda kituo kesho yake."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mama mkwe wangu. Ningeanzia wapi?"

Nilikasirika, sitadanganya. Kisha nikamtazama vizuri. Mtu anaacha cherehani yake mchana, anakuja kukata tambi kwa kujificha, ili mimi nisiaibike na mwanawe apone.

Nikamsogezea stuli. Tulimaliza kukata pamoja.

Ijumaa binti yangu akaingia anacheka, Bosi begani. "Ameongezeka! Mama, umemponya!"

Mkwe wangu akanikonyeza ninyamaze.

Nilitamani sana kunyamaza. Jina langu lilikuwa limesafishwa, na Bosi amebaki kwangu.

"Siyo mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwumiza. Mumeo ndiye aliyemponya." Nikaeleza yote, trei mpaka mkasi.

Akamtazama mumewe, akaitazama friza. Nikaanza kukunja nguo za Bosi, nikijua zinaenda kituo.

"Mama," akasema, "Jumatatu natoka mapema. Utakuwa umeamka nikuachie mtoto?"

 Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa kila kipande kina kikopo chake. Natoa viwili, vingine havigusi meza.

Ninyi ambao mama zenu wanawalelea watoto, nawaomba kitu kimoja. Bibi akikosea, mwambieni. Atanuna, atasusa chai siku mbili. Mwambieni tu. Anampenda mtoto huyo kuliko anavyopenda kusifiwa.