Chepkirui na Kilima cha Moran

Kwa miaka kumi na sita aliyoishi Adelphi, Marekani, Chepkirui aliulizwa na karibu kila Mmarekani aliyekutana naye kama ni mkimbiaji. Siku zote alijibu hapana, yeye kazi yake ni kutunza wazee, na mara ya mwisho kukimbia alikuwa kidato cha pili huko Bomet. Kwa hiyo alipoanza kuamka alfajiri na kukimbia kando ya kijito cha Sligo, akiwa na miaka arobaini na saba na baridi ya Novemba imeshaingia, mumewe Leonard alidhani daktari amemwambia sukari imepanda.

Haikuwa sukari. Alikuwa ameamua kwenda Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini.

Chanzo kilikuwa Bi. Han, mzee wa miaka themanini na minne aliyekuwa akimhudumia katika fleti moja ya mji wa jirani wa Silver Spring. Bi. Han alikuwa mkali. Chai ikipoa kidogo aliirudisha, na mtunzaji akimwita "mpenzi" alinuniwa siku nzima. Chepkirui alimpenda kwa sababu hakuwa na unafiki. Siku moja, alipokuwa akikandwa miguu, Bi. Han alimweleza jambo ambalo hata wanawe hawakulijua vizuri. Alizaliwa Pyongyang, chini ya kilima kiitwacho Moran. Vita vilipofika, akiwa na miaka kumi, baba yake alimvusha mto juu ya vyuma vya daraja lililovunjwa na mabomu. Mama alibaki kumuuguza nyanya. Waliagana wakijua ni kwa siku tatu tu, kisha mama angewafuata. Hawakuonana tena, wala hakuna barua iliyowahi kufika.

"Nina pasipoti ya Marekani," alisema Bi. Han, "na pasipoti ya Marekani hairuhusiwi kutumika kule. Hata ingeruhusiwa, miguu ndiyo hiyo unayoiona."

Chepkirui alirudi nyumbani akiwaza. Yeye bado alikuwa na pasipoti ya Kenya. Usaili wa uraia wa Marekani alikuwa ameshafaulu, amebakiza kula kiapo. Akatafuta habari, akagundua kwamba mji ule, uliowafungia watalii tangu korona, ungewapokea wakimbiaji wa kigeni katika mbio za mwezi wa nne. Akajiandikisha nusu marathoni kupitia kampuni ya utalii ya Beijing. Barua ya kumwita kwenye kiapo ilipofika mwezi wa pili, akaijibu kwa kuomba tarehe isogezwe.

Leonard aliposikia aliweka kijiko chini.

"Mama Chebet, watu wanafunga na kuomba wapate hicho kiapo, wewe una-postpone uende Korea?"

"Nikishaapa sitaweza kwenda."

"Na wakikushika huko?"

"Nitakimbia, nitaona, nitarudi. Sina kingine cha kufanya huko."

Binti yao Chebet, aliyeelewa Kiswahili chote lakini alikuwa akijibu kwa Kiingereza, aliuliza kwa nini huyo bibi asitazame picha za mtandaoni.

"Ametazama picha zote," alisema Chepkirui. "Anataka mtu anayemjua asimame pale."

Bi. Han mwenyewe hakushukuru. Alitoa masharti. "Usitaje jina langu. Usimuulize mtu yeyote habari za familia yangu. Kama wapo, swali lako linaweza kuwaletea taabu. Panda kilima mpaka banda la kale la Ulmil, tazama chini upande wa mto, uje uniambie kuna nini."

Pyongyang ilikuwa safi kupita alivyotarajia, na kimya. Kundi lao lilikuwa na wageni kumi na wanne na waongozaji wawili, Bw. Ri na Bi. Pak, ambao hawakuwaacha hata hatua moja. Walionyeshwa viwanja vipana vya mawe, tao kubwa la ushindi, na treni ya chini ya ardhi ambayo ngazi zake zilishuka mpaka Chepkirui akakumbuka zile za kituo cha treni cha Wheaton, karibu na kwao. Waliambiwa wasipige picha askari, wasikunje gazeti lenye sura ya kiongozi.

Kwenye sanamu mbili kubwa za shaba, wote walitakiwa kuweka maua na kuinama. Hapo Chepkirui alisita. Kanisani kwao kuinamia sanamu ni neno zito. Akafikiri kidogo, kisha akainamisha kichwa kama anavyofanya msibani, kwa watu asiowajua, akamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba moyo haujainama.

Jioni ile alimwomba Bi. Pak wapande kwenye banda la Ulmil. "Haliko kwenye programu," alijibiwa. Kesho yake aliomba tena, akajibiwa vivyo hivyo, safari hii bila tabasamu.

Mbio zilikuwa Jumapili. Uwanja ulijaa maelfu ya watu waliopiga makofi kwa pamoja, na Chepkirui, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi na mtu yeyote kwa kukimbia, alitoka getini akiwapungia mkono. Watoto kando ya barabara walinyoosha mikono wamguse kiganja. Kilomita ya kumi na sita kifundo cha mguu kilianza kumuuma. Akatembea kidogo, akakimbia, akatembea, akakimbia. Alimaliza kwa saa mbili na dakika thelathini na nane, karibu wa mwisho katika kundi lao.

Uwanja ule uko chini kabisa ya kilima cha Moran. Chepkirui hakukaa chini. Alimwendea Bi. Pak akichechemea.

"Nimekimbia kilomita ishirini na moja katika mji wenu. Naomba kilima hiki kimoja."

"Kwa nini hiki?"

"Namtunza mzee asiyeweza kutembea. Anapenda mahali hapa. Nilimwahidi nitamwambia kunaonekana nini."

Bi. Pak alimtazama mguu, akaenda kuzungumza na Bw. Ri. Walibishana kwa sauti ya chini. Aliporudi alisema, "Dakika ishirini. Mimi na wewe tu."

Walipanda polepole. Kilimani familia zilikuwa zimetandika vitambaa chini ya miti, zinakula, na wazee kadhaa walikuwa wakicheza ngoma kwa redio ndogo. Chepkirui alisimama bandani, akatazama chini. Mto ulikuwa mpana na wa kijivu, mierebi ya kando yake imechipua majani mapya. Ng'ambo yake maghorofa. Chini ya banda, pale palipokuwa na nyumba alikozaliwa Bi. Han, kulikuwa na miti na njia ya saruji.

Pembeni alikaa bibi mmoja mkongwe, peke yake, akimenya yai. Alikuwa wa umri ambao angeweza kuwa jirani, binamu, mtu aliyewahi kumjua mama yake Bi. Han. Swali lilimjia Chepkirui mdomoni. Akalimeza. Bibi yule alimwinamia kichwa, naye akamwinamia, wakashuka.

Aliporudi Marekani, kwenye uwanja wa ndege wa Dulles alihojiwa na maofisa kwa saa mbili nzima. Alieleza yale yale mara tatu, wakamwachia.

Bi. Han alimsikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo nyumba hakuna."

"Hakuna, Mama. Kuna miti."

"Miti mikubwa?"

"Mikubwa. Na watu walikuwa wanakula."

"Wanakula nini?"

"Mayai, wali, samaki wakavu. Wengine walikuwa wanacheza."

Bi. Han aligeukia dirisha, akalia, jambo ambalo Chepkirui hakuwahi kuliona. Kisha akaagiza chai, na iwe ya moto safari hii. Jumamosi aliwaita wanawe na wajukuu, akamtaka Chepkirui asimulie tena mbele yao. Alipofika penye mto, Bi. Han alimnyamazisha kwa mkono, akaendelea mwenyewe kuanzia kwenye daraja. Walikaa mpaka chakula kikapoa, na safari hiyo hakukirudisha.

Kiapo Chepkirui alikula mwezi wa saba. Fomu iliuliza kama amesafiri nje ya nchi tangu usaili. Akaandika ndiyo, akaandika na mji.